Bingwa akionekana "kashapangwa" kabla ligi haijaanza, ligi yetu ina miaka mingapi mbele? Tujadili bila ushabiki

MtuWaIgoma (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta tangu wiki iliyopita maana najua nikiuweka tu mtu ataniuliza wewe Simba au Yanga, na mijadala yetu mingi hufia hapohapo. Niseme mapema basi, mimi ni mtu wa Mwanza, Igoma, na timu yangu ilikuwa Mbao. Nasema ilikuwa. Septemba 2018 nilikuwepo CCM Kirumba siku Mbao inamfunga Simba moja bila, bingwa mtetezi huyo, nikarudi Igoma kwa mguu na wala sikuusikia umbali. Msimu wa 2019/20 tukashuka kwenye mchujo, aliyechukua nafasi yetu akawa Ihefu ya kule Mbarali, na huyo Ihefu nitarudi kwake maana ndiye amenifanya nikae chini niandike.

Hoja yangu ni hii. Ligi haifi kwa sababu timu moja ina nguvu. Simba kachukua mara nne mfululizo kuanzia 2017/18 mpaka 2020/21, Yanga naye akachukua nne kuanzia 2021/22 mpaka 2024/25, na katika misimu yote hiyo viwanja vilijaa. Tangu Mtibwa achukue 1999 na 2000, nje ya hawa wawili kombe limetoka mara moja tu, Azam 2013/14, tena bila kufungwa mechi hata moja. Kwahiyo utawala wa wakubwa tumeuzoea, baba zetu waliuzoea. Kinachoniogopesha ni kingine. Ni pale shabiki anapotoka nyumbani akiwa na uhakika moyoni kwamba matokeo yameshaamuliwa sehemu nyingine, iwe kweli iwe si kweli. Maana akishaamini hivyo huwezi kumrudisha kwa kumwambia lete ushahidi. Yeye hajaenda mahakamani, kaenda kutafuta raha yake ya Jumamosi, na akiikosa anakaa nyumbani anaangalia Arsenal.

Mambo yanayojenga hiyo imani yako wazi, hayahitaji upelelezi.

Kwanza udhamini. Novemba 2021 kampuni ya GSM waliingia kama mdhamini mwenza wa ligi, shilingi bilioni 2.1 kwa miaka miwili. GSM huyuhuyu ndiye yuko Yanga, na kwa nyakati tofauti amekuwa kwenye vifua vya timu nyingine za ligi kama Coastal na Namungo. Simba wakagoma kuvaa nembo, mvutano ukaenda mpaka Februari 2022 GSM wakajitoa. Sasa sikilizeni vizuri, sisemi GSM kafanya kosa. Timu ndogo inayolala na njaa ikipata mtu wa kuilipia basi na hoteli itamkataaje? Shida ni kwamba anayemlisha mpinzani wako akiwa ndiye mfadhili wako pia, siku mnakutana beki akiteleza kwa bahati mbaya nani atamwamini? Yule beki wa watu ataitwa muuza mechi mpaka anastaafu.

Pili ratiba na maamuzi. Tarehe 8 Mei 2021 dabi ya Simba na Yanga ilipangwa saa 11 jioni, siku hiyohiyo ikasogezwa saa 1 usiku, Yanga wakaja saa 11 yao wakaondoka zao, mechi ikaja kuchezwa Julai. Tarehe 8 Machi 2025 ikawa zamu ya Simba, usiku wa kuamkia mechi wakazuiwa kufanya mazoezi kwa Mkapa, uwanja wa mechi, wakasema hatuchezi, Bodi ya Ligi ikaahirisha siku ileile watu wameshafika uwanjani, wengine wametoka mikoani na basi la usiku. Yanga nao wakasema hatuchezi tena, wakaenda mpaka CAS, mahakama ya kimataifa ya michezo, CAS ikawarudisha wamalize kwanza mambo nyumbani, mechi ikapangwa 15 Juni, ikasogezwa tena, ikachezwa 25 Juni, Yanga akashinda mbili bila. Na refa akatolewa Misri. Ligi yetu wenyewe, dabi yetu wenyewe, tukaazima refa! Kwangu hicho ndicho kipimo. Tulifika mahali hakuna Mtanzania mwenye filimbi ambaye pande zote mbili zingekubali kumsikiliza.

Tatu, timu kuhamahama, na hapa ndo kwa Ihefu. Novemba 2022 Yanga ilikuwa imecheza mechi 49 za ligi haijafungwa. Ikaenda Ubaruku, Mbarali, Highland Estates, ikafungwa 2-1. Mwaka uliofuata, Oktoba 2023, ikaenda tena ikafungwa tena 2-1. Wilaya ya wakulima wa mpunga! Halafu katikati ya msimu huohuo wa 2023/24 timu ikahamishiwa Singida, na baadaye hata jina likabadilika ikawa Singida Black Stars. Na ile iliyokuwa Singida, yaani Singida Fountain Gate, ikaja huku kwetu Mwanza na sasa hivi ni Fountain Gate ya Babati. Mtu wa Ubaruku amshangilie nani?

Naomba tuchangie kwa hoja. Kama kuna mtu wa Mbarali humu ningependa sana kumsikia.

Jangwani_Damu

Mleta uzi umeandika vizuri ila mimi nakataa. Simba alipokuwa anachukua minne mfululizo mbona huu uzi haukuwepo? Msimu wa 2018/19 Simba alienda robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika akarudi ana viporo, yaani mechi zilizoahirishwa, mpaka havihesabiki, sisi Yanga tunaongoza ligi kwa pointi tukijua kabisa zile ni pointi za hewa, mwenzetu anakuja kucheza akijua anahitaji ngapi. Hiyo haikuwa ushindani usio sawa? Yanga ilikuwa inapitisha bakuli kwa wanachama, tulichangishana elfu moja moja, wachezaji wanagoma mazoezi, hakuna mtu alitulilia. Leo tumepata mtu mwenye pesa, tumesajili, tumefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, ndio inakuwa ligi inakufa? Bayern alichukua Ujerumani mara 11 mfululizo, ligi haikufa.

MtuWaIgoma

Mkuu Jangwani_Damu suala la viporo naungana na wewe asilimia mia na lingetakiwa kuwa kwenye uzi, nimelisahau. Tena linaongeza nguvu kwenye hoja yangu. Mwaka 2019 wewe ndiye uliyeamini mwenzako anabebwa, 2025 mwenzako ndiye anaamini wewe unabebwa. Zamu zinabadilika, mbeleko inabaki palepale. Kuhusu Bayern, Ujerumani wana sheria ya wanachama kushika zaidi ya nusu ya kura za klabu yao, na 2024 Leverkusen alikuja akachukua bila kufungwa. Mtu wa Leverkusen alikuwa na sababu ya kwenda uwanjani miaka yote ile. Hicho tu ndo nataka kwa mtu wa Bukoba na Songea.

mnyama_halisi

Kwanza heshima kwako mleta uzi. Mimi ni Msimbazi, yaani Simba, lialia na tarehe 8 Machi nilikuwa kwa Mkapa. Nimetoka Dodoma na wadogo zangu wawili, tumelala Magomeni kwa shangazi, asubuhi tumevaa jezi, saa nane mchana tuko nje ya geti jua linachoma mtu, mara simu zinaanza kuita moja moja, mechi hakuna. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 11, ilikuwa mara yake ya kwanza kuja kuona dabi. Alikaa kwenye ukingo wa barabara akavua jezi akaikunja vizuri akaiweka kwenye mfuko wa nailoni, hakulia wala nini, alinyamaza tu. Mimi upande wangu naamini mpaka kesho klabu yangu ilikuwa na haki kwa mujibu wa kanuni, mgeni ana haki ya kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi. Ila yule mtoto sikuwa na cha kumwambia. Nimwambie kanuni? Juni ilipochezwa nilimuuliza tuje tena, akasema ataangalia kwenye tivii.

Fundi_Saidi_Tanga

Kwa Coastal naomba niseme kama mwana Tanga. Sisi tulichukua ubingwa 1988, mpaka leo wazee pale barabara ya 11 wanakutajia kikosi chote bila kukosea. Baada ya hapo tumekaa na madeni, tumeshuka tumepanda, na hao mnaowaita wadhamini wa mashaka ndio walikuja wakati hakuna mwingine. Msiondoe udhamini kabla hamjatuambia tutakula nini. Mtu wa Dar anaongea rahisi sana kuhusu usafi wa ligi.

mchambuzi_huru

Fundi una point lakini pesa ipo. Mkataba wa Azam Media wa haki za matangazo wa 2021 ni bilioni 225.6 kwa miaka 10, benki ya NBC 2023 wamesaini bilioni 32.6 kwa miaka mitano. Miaka ya nyuma, 2018/19, ligi ilichezwa haina mdhamini mkuu kabisa. Tumetoka mbali. Sasa hizo pesa kwa timu ndogo zinakuja kama tone kwenye mchanga, ukishatoa safari za kutoka Kagera mpaka Mtwara, hoteli, mishahara, unabaki na nini? Timu mbili zinakula kwingine, wanachama, jezi, mashindano ya CAF, viingilio vya mlangoni. Nyingine 14 zinategemea siku mbili kwa mwaka ambazo Simba na Yanga zinakuja kwao, na hata hizo siku baadhi wanahamisha mechi kwenda mkoa mwenye uwanja mkubwa ili wapate mlango. Yaani unauza faida yako ya nyumbani ili ulipe mshahara. Hapo hakuna rushwa wala figisu ya mtu yeyote, ni njaa tu, na ushindani umeshaharibika kabla mpira haujawekwa kati.

Na tusijidanganye kwamba hili ni letu tu. Ulaya wana sheria inayozuia mtu mmoja kuwa na sauti kwenye timu mbili za mashindano mamoja, 2025 Crystal Palace wameshushwa kutoka Europa kwenda Conference kwa sababu mmiliki mmoja alikuwa na hisa Palace na Lyon. Club León ya Mexico ikaondolewa Kombe la Dunia la Klabu kwa sababu mwenyewe ndiye mwenye Pachuca. Hakuna aliyethibitisha kwamba walipanga matokeo. Waliondolewa kwa kuwa mazingira yanatia shaka, basi. Wenzetu wanailinda imani ya mtazamaji kabla haijaharibika. Sisi tunasema udhamini si umiliki na mjadala unaishia hapo. Kwenye karatasi ni kweli si umiliki. Lakini anayelipa mshahara wa kocha akipiga simu, nani hapokei?

Otis_wa_Kisumu

Wazito hamjambo, mimi ni jirani wa huku Kenya, husoma tu sichangii ila hii imenigusa. Mko na bahati hamjui. Sisi SuperSport walituacha 2017, shida ilianza kwa mvutano wa ligi iwe na timu 16 ama 18, watu wa ofisi wakasukumana mpaka mwenye pesa akabeba kamera zake akaenda. 2019 SportPesa nao wakatoka. 2022 FIFA ikatufungia miezi kadhaa. Mimi ni wa Gor Mahia, tumechukua mataji mengi sana na nawaambia ukweli, kuna mengine tulisherehekea tukiwa wachache unaweza tuhesabu. Kushinda wakati kila mtu ameenda nyumbani haina utamu. Watu walirudi uwanjani polepole sana, na Police FC walipochukua 2024/25 kwa mara ya kwanza hata mimi wa Gor nilifurahi kiasi, kwa sababu ilimaanisha ligi iko na uhai. Msingoje mpaka kamera zibebwe.

Jangwani_Damu

Otis asante ndugu yangu. Hapo kwenye kamera nimekuelewa.

Ila wakuu naomba mnielewe na mimi. Kinachoniuma ni kwamba kikosi changu kilichofika fainali ya Afrika kinaambiwa kinabebwa na marefa. USM Alger tuliwafunga kwao Algiers, tukakosa kombe kwa goli la ugenini, pale nani alitubeba? Mtoto wa watu anafanya mazoezi asubuhi na jioni, anafunga goli safi, halafu kesho mtaani wanasema beki kapewa hela. Mnamdhulumu mchezaji.

MtuWaIgoma

Mkuu na hicho ndicho ninachokililia mimi! Anayeumia zaidi kwenye hii hali ni bingwa mwenyewe. Kombe lake halina heshima linayostahili. Wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kudai sheria ya udhamini iwekwe wazi, ratiba ifuatwe, refa alindwe na akikosea aadhibiwe hadharani, ili ukishinda pasiwe na neno.

shamba_la_mpunga

Nimeona mmeita watu wa Mbarali. Nipo, mimi ni wa Ubaruku kabisa.

Siku ile ya 2022 ilikuwa Jumanne, tulifunga mashine ya kukoboa saa nne asubuhi, mwenye mashine mwenyewe alikuwa ameshatangulia uwanjani. Uwanja wetu si mkubwa, watu walipanda kwenye miti, kwenye magari, kwenye mabega ya wenzao. Goli la pili lilipoingia mimi nilimkumbatia mtu ambaye tulikuwa na kesi ya mpaka wa shamba, tumesalimiana tangu siku hiyo. Sikuwahi kuona Ubaruku iko vile na sijaona tena. Wageni walilala kwenye nyumba za watu maana gesti zilijaa, mama lishe walipika mpaka unga ukaisha.

Timu ilipoondoka hakuna aliyekuja kutuambia. Tulisikia kwenye redio. Kuna mzee wetu alikuwa anakata nyasi za uwanja, alienda asubuhi kama kawaida yake akakuta vitu vimeshapakiwa. Najua timu ilikuwa ya mtu binafsi na mali ni yake, anaweza kuiuza kama anavyouza trekta, sina kesi naye. Ila tuliambiwa ni timu yetu. Tulinunua jezi, tulichangia mchele wa kambi, magunia, hakuna aliyeandika risiti.

Mwanangu alikuwa na miaka 8 siku ile, alikuwa mabegani kwangu. Mwaka huu kaniomba jezi ya Yanga. Nimemnunulia.

mama_Kelvin_Sabasaba

Shamba la mpunga umenitoa machozi jamani. Mimi nauza maji na karanga viwanjani, ukinambia mechi gani naweza kukwambia niandae katoni ngapi. Mechi za wakubwa namaliza zote kabla ya mapumziko. Hizi mechi nyingine zamani nilikuwa namaliza hata katoni tatu, sasa hivi narudi nazo. Watu hawagombani tena hata kwenye kahawa, ukiuliza matokeo wanakwambia si unajua tu.

beki_tatu_mstaafu

Nimesoma yote kimya. Nimecheza ligi kuu misimu mitano, timu sitaitaja na wengine mtakaohisi naomba msiitaje.

Mleta uzi kasema kuhusu beki anayeteleza. Niwape kitu. Msimu mmoja tulikuwa tunadai mishahara ya miezi minne, mke wangu karudi kwao na mtoto kwa sababu ya kodi. Lala salama, yaani mwisho wa msimu, imefika, tuna mechi na timu inayogombea ubingwa. Usiku wa kuamkia mechi mtu akaja hotelini, si wa timu tunayocheza nayo, ni wa upande wa wanaogombea nao ubingwa, akakaa na manahodha akasema mkiwafunga hawa kesho kuna hela yenu, akataja kiasi, kilikuwa zaidi ya mshahara wangu wa miezi miwili. Hakutuomba tufungwe, alituomba tushinde. Wengi humu mtasema hilo si kosa. Mimi usiku ule sikulala. Nilikuwa najiuliza, mechi zile nyingine ambazo hakuna mtu aliyekuja hotelini nilicheza kwa nguvu hizihizi? Na kama hawa wanaweza kuja kutuambia tushinde, kuna wangapi wanaenda vyumba vingine kuwaambia wengine wafungwe?

Njia ni moja, wachezaji walipwe. Klabu isiyolipa miezi miwili ikatwe pointi, isisajili, ikishindwa kabisa ishuke na mwenye uwezo apande. Msituwekee semina za maadili wakati tumbo liko wazi.

mnyama_halisi

Beki_tatu pole sana kaka. Samahani kama naingilia, siku ile ilikuwaje, mlishinda?

beki_tatu_mstaafu

Tulishinda moja bila. Kona, nikapiga kichwa mimi. Goli zuri kuliko yote niliyofunga, yako mawili tu.

Hela ililetwa kweli, kwenye bahasha ya kaki, nikalipa kodi mke akarudi. Sasa kuna jamaa alikuwa beki wa timu ile tuliyoifunga, tunasali msikiti mmoja, ni mtu mwema na nampenda. Kila tukikutana baada ya Ijumaa ananiuliza siku ile mlipewa ngapi. Anacheka lakini anauliza. Miaka saba sasa hajawahi kuniambia lile lilikuwa goli zuri.